Wauzaji wa jumla, mkiuza onlaini mtukumbuke na sisi wenye fremu

Jumamosi moja kaingia dada mmoja dukani kwangu hapa Moshi, karibu na soko la Mbuyuni, anataka raba nyeupe. Kajaribu 38 ikabana, kajaribu 39, katembea nayo mpaka mlangoni karudi, kaipenda kabisa. Afu akavuta ulimi wa kiatu akapiga picha lebo ya ndani, "Mangi nitarudi," huyo akaondoka. Ijumaa iliyofuata kweli karudi, ana raba ileile mkononi, 39, ya kushoto gundi imeachia pembeni, anauliza kama naweza kumbadilishia maana kule alikonunua simu haipokelewi. Na kule kwenyewe ni kwa bosi wa Kariakoo, huyohuyo anayeniuzia mzigo wa jumla mimi.

Iliniuma sana. Jamaa ananipa jumla 28,000, mi nauza 38,000, na kwenye hiyo 10,000 nitoe hela ya basi la kuleta mzigo, kodi ya fremu ambayo mwenye nyumba anaitaka miezi sita kwa mkupuo, leseni, TRA, umeme na kijana anayenisaidia. Huyohuyo bosi anaposti Instagram pea moja 30,000, mikoani tunatuma. Mteja akiongeza 3,000 ya basi kiatu kimemfikia kwa 33,000. Sasa nashindanaje na mtu anayeniuzia?

Sisemi asiuze onlaini, wateja wapo huko na hawarudi nyuma. Ila kumjaribisha mtu kiatu ni kazi, kumsikiliza kikiharibika ni kazi, na hiyo kazi naigharamia peke yangu wakati mauzo yanaingia kwake.

Mwaka 1982 mchumi Güth na wenzake kule Ujerumani walifanya jaribio, mtu mmoja anapewa hela agawane na mwenzie, yeye ndo anapanga mgao, mwenzie akikataa wote wanakosa. Kihesabu hata ukipewa kidogo ni bora upokee, lakini wapo waliokataa, wakaona bora wote wakose kuliko kuonewa, na majaribio mengi yaliyofuata yamekuta hivohivo. Mimi naielewa hiyo bila kusomea, kwasababu raba za bosi nilishazitoa shelfu ya mbele nikaweka za mtu mwingine zenye faida ndogo zaidi. Nimepoteza mimi, na yeye kapoteza.

Ninachomuomba ni hiki. Onlaini aweke 36,000, mteja wa Moshi achukulie kiatu dukani kwangu, kije ndani ya mzigo wangu asilipe basi, na mimi nipate 4,000 kwa kila pea inayopitia hapa. Bosi anabaki na 32,000, imezidi ile 30,000 ya sasa, mimi napata hela ya jasho langu, na mteja anaongeza 3,000 tu juu ya anayolipa sahivi ila amejaribu na ana pa kurudisha. Kama kuna duka lingine Arusha analoliuzia mzigo, anafanya nalo hivohivo. Wateja wengine watakimbia bei, najua, ila na wenye maduka tukiacha kupanga bidhaa yake hao wateja wataijaribia wapi?

Raba ya yule dada nimempa fundi wa hapo nje, kaishona kwa 2,000, nimelipa mimi. Bosi nimemtumia voisi ya dakika tano WhatsApp nikamweleza yote haya, tiki zimeshakuwa za bluu, nasubiri jibu.