Kilo tatu "tu"? Hiyo ni kangomba ya ulingoni

Mi msimu wa korosho kazi yangu mizani. Gunia likipungua nusu kilo hapo chama cha ushirika patachimbika, watu wa Mtwara kwenye mizani hatunaga utani, na kangomba, yani ule ununuzi wa magendo wa kumpunja mkulima korosho zake, hatuitaki. Sasa nashangaa kwenye ngumi bondia akizidi uzito wa mkataba watu walewale wanaona poa tu.

Mwaka jana mpwa wangu kapata pambano hapa mjini, mkataba kilo 61. Dogo kajikausha wiki mbili, alfajiri anakimbia Magomeni mpaka Shangani kavaa masweta mawili na ndani kajifunga nailoni, siku ya mwisho hata maji hanywi, anatema mate tu kwenye kopo. Kapanda mizani, 60.8. Mwenzake kapanda, 64.5, kavua na bukta bado 64.3. Promota akamvuta dogo pembeni, "mwanangu, kilo tatu tu hizo, watu washakata tiketi, usituangushe." Dogo akanipigia, mjomba nifanyeje? Na mi kwa ujuha wangu nikamwambia kapigane. Kapigwa raundi ya nne na hela ikawa ileile, hata mia haikuongezeka.

Nikaanza kufatilia hii kitu. Kumbe mkataba ukisema 61 ukaja na 64 umevunja mkataba, hakuna cha "tu". Sheria yetu ya Mikataba, Sura ya 345, kifungu cha 73 kinampa aliyevunjiwa fidia ya hasara aliyopata, tatizo hasara yenyewe uithibitishe, sasa ngumi ya mtu aliyekuzidi kilo tatu unaithibitisha vipi mahakamani? Ndo maana mi napenda cha 74, kwamba mkishaandika kabisa kiasi cha kulipana basi unapewa fidia ya haki isiyozidi hicho kiasi hata kama hasara hujaithibitisha. Ila usije ukaandika milioni 50 kwa kilo ukadhani hakimu atakupa zote, hiyo ni dari tu, anaweza kukata.

Wenzetu mabondia wa nje wanaandika kabisa kiasi cha kulipa ukizidi. Mayweather mwaka 2009 na Marquez walikubaliana paundi 144, akaja na 146, akalipa dola 300,000 kwa kila paundi, yani laki sita. Eubank Jr mwaka 2025 kule London kazidi paundi 0.05 tu, kama gramu 23 hivi, korosho nne na maganda yake! Dola 500,000 zikamtoka. Bondia Castillo ndo alikuwa sugu, 2005 kazidi na mpinzani wake Corrales akakubali kupanda ulingoni akapigwa KO, 2006 kazidi tena, safari hii pambano likafutwa na kamisheni inayosimamia ngumi jimbo la Nevada, Marekani, ikampiga faini ya dola 250,000 na kumfungia.

Hapo kwa Corrales ndo pananiuma, maana ni yaleyale ya dogo. Wanasema si angekataa? Sawa akatae, na nauli ya kambi, na wiki mbili za njaa, na vibarua alivyoacha anamlipa nani? Kwa hiyo mi naona sentensi ya faini haitoshi, iandikwe na kwamba aliyefikisha uzito akigoma kupanda ulingoni analipwa chake. Na akikubali kupanda wasaini karatasi ya fidia palepale kwenye mizani kabla hajanywa hata maji, ukishaingia ulingoni kimya kimya kesho ukidai utaambiwa si ulikubali mwenyewe.

Juzi dogo kaniletea mkataba mwingine, kurasa mbili. Neno uzito lipo mara moja, "kilo 61", nukta, chini yake inafata habari ya picha za mabango. Nikachukua peni nikaongeza pembeni laki moja kwa kila nusu kilo itakayozidi, ikatwe kwenye hela ya aliyezidi apewe mwenzake. Promota kaupiga picha, kasema atanirudia. Leo siku ya tano.