"Huko mko weusi wangapi?"

Kila nikipiga simu nyumbani Kibokoni, shangazi yangu haulizi baridi wala kazi. Huuliza: "Mwanangu, huko mko weusi wangapi?" Nami humjibu lile lile: "Wanne, shangazi. Mimi, mume wangu na watoto wawili." Hapo humsikia akivuta pumzi. "Ya Rabbi! Mwakaaje?"

Twakaa vizuri. Na sababu yake inatuhusu sisi watu wa Mombasa kuliko inavyowahusu Wamarekani.

Kijiji chetu kiko kaskazini-mashariki mwa jimbo la Iowa, mahindi na soya pande zote, na watu wake hawafiki mia tano. Mwaka wa kwanza niliwaona wote rangi moja, nikaishia hapo. Lakini nafanya kazi katika nyumba ya kutunzia wazee, na mzee akishauzoea mkono wako hukufungulia mambo yake. Kumbe na wao wana makabila! Huyu asili yake Norwe, yule Ujerumani, na hata makanisa yao ya Kilutheri zamani yalitengana kwa lugha. Bibi mmoja aliyepita miaka tisini alinisimulia jinsi mama yake alivyolia siku tatu kwa sababu kaka mtu alitaka kuoa Mkatoliki. Alipokuwa akieleza, nilikuwa namsuka nywele, na mikono yangu ikasimama yenyewe, kwa sababu kilio hicho nimekisikia kwetu.

Mji wa Decorah hauko mbali, na kila Julai hufanya sikukuu ya Wanorwe. Vijana wasiojua neno la Kinorwe huvaa mavazi ya mababu zao na kucheza barabarani. Naipenda sikukuu hiyo. Mtu kujua alikotoka hakumdhuru jirani yake.

Fomu ya sensa ya 2020 iliwaweka wote hawa katika fungu la weupe, ikawaachia kijimstari cha kuandika asili yao. Mimi nikaingia katika weusi. Babu yangu mzaa baba alitoka Hadhramaut, Yemen, kwa jahazi, akauza kahawa tungu hadi alipopata mtaji wa duka. Bibi yangu mzaa baba ni Mdigo wa Likoni. Upande wa mama kuna Wamvita, Waswahili wa Mombasa, na kuna Mbulushi wa Makadara, asili yake Baluchistan. Kwa kanuni za Marekani, watu wa Mashariki ya Kati walihesabiwa weupe miaka yote, na ni mwaka 2024 tu ndipo serikali ilipoamua kuwapa fungu lao. Maana yake babu yangu angekuwa mweupe na mkewe mweusi, na chai walikuwa wakinywa katika birika moja.

Mkisikia hivyo najua mtasema Wamarekani hawajui watu. Sisi je?

Twapenda kujisifu kuwa Mombasa ni mji wa mchanganyiko, na ni kweli: kutoka Kuze hadi Makadara unapita kwa Washihiri, Wabajuni, Mabohora, Wabulushi, Thenashara Taifa wote, yaani yale mataifa kumi na mawili ya Waswahili wa Mombasa, na Mijikenda ambao ndio wenye bara yote nyuma yetu. Mitaani hatuulizani. Lakini njoo siku ya posa. Mwaka 1998 dada yangu aliposwa na kijana wa Kigiriama kutoka Kaloleni, Mwislamu, mwalimu, aliyekuwa akisali nasi msikiti mmoja. Wazee walimkaribisha, wakampa halua na kahawa, wakamrudisha. Mmoja akasema, na mlango haujafungwa vizuri, "Hatumpi mnyika." Neno hilo, la kumdharau Mijikenda kuwa mtu wa porini. Na aliyelisema bibi yake ni Mdigo, Mijikenda sawasawa na Mgiriama! Dada yangu hakuolewa kamwe, na mpaka leo hakuna aliyemwomba radhi.

Mahali pa pili ni ofisi ya kitambulisho. Ndugu yangu, mtoto wa Mji wa Kale, aliambiwa alete karatasi za babu, kisha akae mbele ya kamati apigwe msasa, yaani achunguzwe kama ni Mkenya kweli, kwa ajili ya jina lake la ukoo tu. Alikwenda na kurudi miezi saba. Mwanangu wa kwanza alizaliwa huku mwaka 2016, na cheti chake cha kuzaliwa kilikuja kwa posta. Hakuna aliyeniuliza babu yake alipanda chombo gani.

Simwambii mtu kwamba Marekani ni pepo. Mwendo wa saa moja hivi kutoka kwetu kuna mji wa Postville, wenye watu wapatao 2,500. Ulikuwa mji wa wakulima wenye asili ya Ujerumani na Norwe, hadi mwaka 1987 Mayahudi wa Hasidi, washika dini sana, kutoka Brooklyn, New York, walipofungua kiwanda cha nyama. Wakafuata Waguatemala, Wameksiko na watu wa Ulaya Mashariki. Tarehe 12 Mei 2008 serikali ilikivamia kiwanda na kukamata wafanyakazi 389 kwa makosa ya uhamiaji, wengi wao Waguatemala, na watoto wakatoka shule wasimkute mzazi. Baadaye wakaja Wasomali. Huko ndiko ninakonunua nyama ya halali.

Kila nikifika Postville nawakumbuka Wamakonde wetu wa Kwale. Waliletwa kutoka Msumbiji tangu enzi za mkoloni kufanya kazi katika mashamba ya mkonge na miwa. Wakazaa, wakazika, wakachonga, bila kitambulisho, hadi Oktoba 2016 walipotembea kwa miguu kwenda Nairobi kumwona Rais. Mwaka uliofuata wakapewa uraia, na sensa ya 2019 ikawahesabu. Wapemba wa Kilifi walingoja hadi 2023. Hao wote tulikuwa tukivua nao na kununua kwao, na tuliwaita wageni.

Kwa hiyo, shangazi, nikikujibu "wanne" sikujibu ulichouliza. Wataka kujua kama nadharauliwa. Kuna siku hutazamwa dukani kwa muda mrefu kuliko ninavyopenda, na kuna mzee mmoja alikataa nimguse kwa wiki nzima. Lakini alinikataa usoni, na wiki ya pili akaniomba radhi usoni vile vile.

Mpwa wangu anataka kuposa Rabai, kwa Mijikenda, mwezi wa Desemba. Nimesikia baadhi ya ami zangu wameshaanza kunong'ona. Nimekata tiketi, na siku ya kwenda kuposa nitakaa mbele, pamoja na dada yangu.