Kurasa 42 kwa usaili wa dakika 10

Mwezi uliopita kijana mmoja wa Mbagala alinijia na andiko la kurasa 42, limefungwa kwa jalada la plastiki la bluu. Anataka kuomba Y Combinator, programu ya Marekani inayowekeza fedha kwenye kampuni changa, na amesikia huwa nawasomea watu maombi yao. Ukurasa wa kwanza: "Kuimarisha mnyororo wa thamani wa sekta ya usafiri wa magurudumu matatu kupitia suluhisho jumuishi la kidijitali." Nikasoma mara mbili. Nikafunga jalada.

"Mdogo wangu, hebu niambie, unauza nini?"

"Vipuri vya bajaji, kaka. Fundi akikwama gereji ananipigia, nakifuata kipuri Kariakoo, namfikishia ndani ya saa mbili."

"Unabaki na shilingi ngapi?"

"Elfu mbili, elfu tatu kwa kipuri. Inategemea."

Ombi lilikuwa hapo. Kwenye lile jalada la bluu habari hiyo haikuwamo hata kwa mstari mmoja.

Simlaumu. Sisi tumelelewa na wafadhili. Ukitaka fedha hapa mjini unaandika andiko: usuli, malengo mahususi, wanufaika, na jedwali la bajeti lenye posho za semina. Ukienda benki unaulizwa hati ya nyumba na mdhamini. Wewe mwenyewe ni mtu wa namna gani, hakuna anayetaka kujua. Wale wa Y Combinator huanzia hapo, na mara nyingi huishia hapohapo.

Programu hiyo ilianza 2005 kule Cambridge, Massachusetts, chini ya Paul Graham, Jessica Livingston, Robert Morris na Trevor Blackwell. Kundi la kwanza lilikuwa na kampuni 8 tu. Steve Huffman na Alexis Ohanian walikwenda kwenye usaili wakiwa na wazo la kuagiza chakula kwa simu. Wakakataliwa. Kesho yake Graham akawapigia: njooni, ila wazo lenu liacheni. Wakaenda, wakatengeneza Reddit, mtandao wa mijadala. Yaani mtu amekikataa kile ulichokiombea fedha, halafu fedha amekupa. Nitajieni mfadhili mmoja wa hapa kwetu mwenye ubavu huo.

Ndiyo maana usaili wao ni wa dakika 10. Huwezi kukagua biashara kwa muda huo, ila unaweza kumwona mtu akiulizwa swali asilolitegemea. Kabla ya usaili kuna fomu, na video ya dakika moja ya waanzilishi wakiongea tu mbele ya kamera, bila muziki wala picha za droni. Fomu inauliza mmefahamiana vipi na tangu lini, kwa sababu wenye kampuni wakikosana, kampuni imekwisha. Drew Houston wa Dropbox, huduma ya kuhifadhi mafaili mtandaoni, 2007 aliambiwa kwanza atafute mwanzilishi mwenza.

Swali ninalolipenda kuliko yote ni lile ambalo fomu yao imelibeba kwa miaka: lini uliuzunguka mfumo fulani, usio wa kompyuta, ukapata ulichokitaka? Wanaulizia ujanja wa mjini! Mtoto aliyekulia kwenye foleni za ofisi zetu atakosaje jibu? Kijana wangu aliandika: "Timu yetu ina weledi na uadilifu."

Sasa nisionekane mpiga debe wao. Mwaka 2013 Graham aliliambia jarida la Inc. kwamba bosi wa kampuni mwenye lafudhi nzito ya kigeni ni dalili mbaya. Watu wakachachamaa, akafafanua kwamba alimaanisha lafudhi inayowafanya wasikilizaji wasielewe kabisa. Sawa. Lakini kuelewa kuna pande mbili. Anayeamua kwa kumsikiliza mtu, humsikia upesi zaidi yule anayeongea kama yeye. Na kwa kundi la mwanzoni mwa 2024 yalikuja maombi zaidi ya 27,000, zikachukuliwa kampuni 260. Katika msongamano huo, sababu ya kukuacha haihitaji kuwa kubwa. Mtanzania mwenzetu Benjamin Fernandes wa NALA, kampuni ya kutuma fedha, aliingia 2019, naye alikuwa ameshapita Chuo Kikuu cha Stanford, Marekani. Simnyimi sifa yake. Nasema tu lugha ya chumba kile alikuwa ameshaizoea.

Kwenye fedha ndiko watu husoma harakaharaka. Tangu 2022 kila kampuni inapewa dola 500,000. Kati ya hizo, 125,000 zinanunua asilimia 7 ya hisa, hilo liko wazi. Zile 375,000 hazina bei siku hiyo: zitageuka hisa kwa masharti bora kabisa utakayompa mwekezaji atakayefuata. Akikubali kwamba kampuni yako ina thamani ya dola milioni 15, ni asilimia 2.5. Ukiwa umebanwa na mishahara ukakubali milioni 5, ni asilimia 7.5, na ukijumlisha ile 7 ya mwanzo, 14.5 zimeondoka kabla hujahesabu za huyo mwekezaji mpya. Mimi naona si dhuluma. Hakuna benki itakayokupa fedha hizo bila nyumba ya baba yako. Ila piga hesabu kabla ya kusaini.

Kuna lililo gumu zaidi, nalo nilimwambia kijana. Y Combinator hawahitaji kampuni zao zote zifanikiwe. Airbnb, ile ya kupangisha nyumba kwa wageni, iliingia 2009 kwa dola 20,000, nao wakapata asilimia 6 ya hisa zake. Desemba 2020 ilipoingia soko la hisa, siku ya kwanza ilifunga na thamani inayozidi dola bilioni 80. Kampuni moja ya namna hiyo inafidia mamia yaliyokufa. Kwa hiyo biashara nzuri ya vipuri inayolisha familia nne Mbagala kwao haina maana, hata kama kwangu ndiyo biashara hasa.

Akanyamaza kidogo. "Kwani bajaji ziko nchi ngapi, kaka?"

Jumapili tukarekodi video gerejini, yeye na mwenzake, binti anayeshika hesabu, waliyesoma naye sekondari. Mara ya kwanza alianza kwa kujitambulisha kama yuko kwenye msiba; nikakata. Ya pili na ya tatu akarudia mambo ya mnyororo wa thamani. Ya tano Kiingereza chake kilikuwa kimetulia, mara simu ikalia: fundi anataka waya wa klachi. Akapokea, akataja bei kwa Kiswahili, akamwambia "nakuja nao sasa hivi", akaigeukia kamera na kuendelea alipoishia. Hiyo ndiyo tuliyotuma.