Naumwa Sungura

Kama ile odio ya kisa changu cha sungura kwa shefu Mchina imekwisha kufika kwako, ujue imetiwa chumvi. Sikulia. Wala hakuna aliyenipeleka kwa daktari wa mifugo. Hiyo sehemu rafiki yangu wa ghalani ameitunga mwenyewe.

Kichina nakisoma jioni, na mwalimu alitupa zoezi la mshumaa: uweke kama shubiri moja mbele ya midomo, utamke "t", mwali uiname, utamke "d", mwali utulie. Maana "d" yao si ile ya "dada". Haingurumi kooni hata kidogo. Ni "t" yetu ya "tatu", kavu, bila pumzi. "T" yao ndiyo yenye kupuliza. B na p vivyo hivyo, g na k pia. (Watu wa Mombasa msinicheke. Nyie pumzi hiyo mnayo tangu utotoni, ndiyo inayotenganisha paa la nyumba na paa wa porini. Sisi wa Lubumbashi tunainunua kwa mishumaa.)

Kwa hiyo ningebaki na "t" niliyonyonya kwa mama, ningepona. Lakini nilikuwa nimezima mishumaa usiku kucha, na sasa kila neno nalipuliza.

Asubuhi sombe ya jana, yaani kisamvu, ikaanza kudai haki zake. Nikamfuata shefu, yaani bosi wetu Mchina pale ghalani, karatasi ya kuhesabia magunia mkononi. Tumbo ni "duzi". Sungura ni "tuzi", toni ile ile ya kushuka. Tofauti ni pumzi tu. Nikavuta hewa, na hapo ndipo mngeniombea, nikasema: "Wo TUZI teng!" Karatasi ikapepea. Nikajiona fundi.

Shefu akaacha kuandika. Akanitazama usoni, macho yakateremka taratibu hadi pale nilipojishika, juu ya ovaroli iliyotuna kidogo (ni bukari, ugali wetu, wacheni maneno). Akainua vidole viwili, akavisimamisha kichwani, akavichezesha. Masikio. Mimi nikadhani ni salamu ya kwao. Nikasimamisha vyangu.

"Tuzi?" akauliza.

Nikataka kuitikia "dui", ndiyo. Ikatoka "tui", na upepo wake wote. Hiyo kwao ni "rudi nyuma". Shefu akarudi nyuma. Wapakuzi nao, walipomwona, wakarudi nyuma. Ghala zima linatazama zipu ya ovaroli yangu, likingoja kiumbe kitoke.

Mkalimani akaja, akacheka hadi akakalia mfuko wa saruji, ruhusa nikapewa. Shefu kwa wema akaniuliza kama nimekula. Nikajibu nimeshiba, "wo bao le". Kwa mdomo huu wangu ikawa "pao": nimekimbia. Hiyo angalau haikuhitaji mkalimani, maana nilikuwa tayari nimeshika kitasa cha choo.