Kuzaliwa Kisiwani Si Kujua Kuogelea

Mombasa ni kisiwa, na hilo limetudanganya wengi. Mtu amekulia Majengo au Kibokoni, bahari anaiona kila siku, Jumapili yuko ufuoni Pirates amekaa ndani ya tyubu ya kukodi, wimbi linampeleka na kumrudisha, na moyoni anajihesabu mwogeleaji. Mpeleke mtu huyo kwenye bwawa la mita 25, umwambie aende hadi upande wa pili. Mita ya kumi anaanza kutapatapa. Ya kumi na tano keshashika ukingo, anatweta kama aliyekimbizwa na mbwa. Akipata kauli atakwambia hana stamina.

Si stamina. Wapo watu wanaocheza mpira dakika 90 juani na bado mita 25 za maji zinawashinda. Kinachowashinda ni pumzi, na si ile ya kuvuta. Ni ile ya kutoa.

Mtazame kwa karibu. Anasukuma ukuta mapafu yakiwa yamejaa na mdomo umefumbwa. Mkono wa kwanza, wa pili, wa tatu, uso uko majini na pumzi ameibana. Kwenye mkono wa nne anainua kichwa kizima, kidevu mbele, na katika kipande cha sekunde anachokuwa nje anataka kufanya kazi mbili: atoe hewa ya zamani na avute mpya. Muda hautoshi. Anatoa nusu, anavuta robo, anarudi chini. Akirudia hivyo mara tatu, kifua kimejaa hewa iliyokwisha kazi. Ile hamu kali ya kupumua, ile inayomfanya mtu aone mauti, huletwa zaidi na kaboni dayoksaidi iliyorundikana mwilini kuliko kupungua kwa oksijeni. Na huko kuinua kichwa kuna hasara ya pili. Mwili majini ni kama chombo: ukiinua omo, yaani mbele, tezi ya nyuma inazama. Nyonga na miguu vinashuka, na sasa anakokota mwili uliosimama mshazari badala ya kuteleza juu ya maji. Ndiyo maana anachoka.

Kwa hiyo rai yangu ni hii, na najua haiwapendezi wenye haraka: wiki nne za kwanza sahau mikono. Wako walimu wanaoanza na mikono kwa sababu ndiyo inayoonekana, na mwanafunzi anafurahi kwamba siku ya kwanza keshafanana na wale wa kwenye televisheni. Wako pia wanaomsukuma mtu mzima kwenye maji marefu ati atajua mbele kwa mbele. Huyo wa pili mkimbie kabisa. Mwili wa mtu mzima ukishaogopa maji mara moja, kuuondoa woga huo kutakula muda kuliko kujifunza kwenyewe.

Anzia maji ya kifuani, ukishika ukingo. Vuta hewa kwa mdomo, tia uso wote majini, kisha toa hewa kwa pua pole pole huku ukivuma "mmmm" kama anayeitikia mazungumzo bila kufungua mdomo. Mapovu yatoke mfululizo. Karibu na mwisho malizia kwa kupuliza kwa nguvu, inua uso, vuta kwa mdomo, rudi chini. Fanya mara 10, pumzika, rudia seti tatu. Maji yakikuingia puani ujue hewa ilikuwa haitoki. Pua inayotoa hewa haipitishi maji. Ukijikuta unafuta uso kwa kiganja kila ukiinuka, bado hujazoea. Acha maji yatiririke, endelea.

Kisha kuelea kifudifudi, mikono mbele, macho yakitazama sakafu, sekunde 10. Kabla ya hilo lakini jifunze kusimama. Kuna watu hawajawahi kufundishwa hili, nalo ndilo linalowatia kiwewe kwenye maji yasiyowafika hata kwapani. Ukiwa umelala juu ya maji, vuta magoti kifuani, kandamiza maji kwa viganja kuelekea chini, mwili utageuka wima, shusha nyayo, halafu ndipo uinue kichwa. Anayeanza kwa kuinua kichwa miguu humponyoka nyuma na atakunywa maji. Rudia mpaka uweze kusimama bila kufikiri.

Baada ya hapo kuteleza: sukuma ukuta kwa miguu miwili, mikono imenyooka mbele ya masikio, uso chini, usipige chochote. Acha mwili uende mpaka usimame wenyewe. Ukifika mita 5 bila juhudi, umeshaelewa jambo ambalo wengi hawalielewi mwaka mzima.

Miguu nayo ina hadithi yake. Inapigwa kutoka nyongani, goti limelegea kidogo tu, na nyayo zimenyooka kama za mtu anayechungulia juu ya ua kwa vidole. Kosa la kawaida ni kuendesha baiskeli, yaani kukunja magoti kuelekea tumboni. Wachezaji mpira na wakimbiaji wana shida nyingine: vifundo vyao vimekaza, unyayo unabaki umekunjwa kama jembe, na jembe hulima. Ndio wale unaowaona wameshika ubao, wanapiga miguu kwa nguvu zote, na hawaendi popote. Wengine hata hurudi nyuma. Dawa si kupiga zaidi. Nyumbani, kalia visigino vyako kama kwenye kikao cha tahiyatu katika swala, nyayo zote mbili zikiwa zimelazwa nyuma, dakika moja au mbili kila siku. Na huo ubao usikae nao wiki nzima. Unakufundisha kuogelea kichwa kikiwa juu, tabia ileile tunayotaka kuiua.

Ubavu ndio utakaokuletea pumzi. Lala upande, mkono wa chini umenyooka mbele, wa juu umelala pajani, sikio la chini limeegemea bega, piga miguu taratibu. Geuza uso chini, toa hewa, geuka tena ubavuni pamoja na bega na nyonga, vuta. Jicho moja libaki majini, moja nje. Ukiona dari, au mnazi wa upande wa pili kwa macho mawili, umegeuka kupita kiasi. Ukiona ukuta ulio mbele yako, umeinua kichwa.

Sasa mikono, na kusema kweli hapa ni kwepesi. Mkono uingie majini mbele ya bega lake, si mbele ya pua. Ukivuka katikati mwili unapinda kama nyoka, na utajua kwa sababu utakuwa unagonga kamba ya pembeni. Kiwiko kibaki juu kuliko kiganja, vuta maji kuelekea nyuma hadi pajani. Kiganja kinachosukuma maji kwenda chini kinakuinua kichwa tu, hakikupeleki mbele.

Ratiba inayomfaa mtu wa kazi ni mara tatu kwa wiki, dakika 30 hadi 40. Mara moja kwa wiki ni kuanza upya kila Jumamosi. Wiki mbili za pumzi, kuelea na kuteleza, mbili za miguu na ubavu, kisha mikono. Ukishaunganisha, usikimbilie kuogelea bila kusimama. Piga raundi 8 za mita 25, na baina ya moja na nyingine pumzika sekunde 30 hadi 45, mpaka uweze kusema sentensi nzima bila kukatika. Raundi ya tano ikiharibika, ishia hapo siku hiyo, maana kuanzia hapo unafanya mazoezi ya makosa. Hesabu mikono kila raundi. Anayeanza hupiga 30 na zaidi kwa mita 25. Idadi ikishuka bila wewe kukaza nguvu, unaendelea vizuri, hata kama saa inasema uko polepole. Baadaye nenda 4 za mita 50, punguza mapumziko, na siku moja utajikuta umefika mita 400.

Hesabu hizo zinataka bwawa unalolijua urefu wake. Mabwawa mengi ya hoteli za Nyali, Bamburi na Shanzu yalichorwa kupendeza watalii, moja kama figo, jingine kama yai. Pima kwa hatua kando yake: hatua ya kawaida ya mtu mzima ni kama sentimita 70 hadi 75, kwa hiyo mita 25 ni hatua 34 hivi. Bwawa la mita 12 lisikudanganye, kwa sababu mita 3 hadi 5 za kila raundi unapewa na ukuta ulipousukuma. Nenda asubuhi mapema. Kuanzia saa nne watoto wamejaa, na mwisho wa wiki usijisumbue. Uliza pia mambo mawili kabla ya kulipa: kama kuna mwokoaji zamu hiyo, na kama kuna saa za wanawake peke yao, kwa wanaozihitaji.

Nguo. Pamba ikinywa maji inakuwa mzigo, iwe fulana, dera au boksa chini ya kaptura, na mabwawa mengi huikataa. Anayetaka kujisitiri atafute burkini ya nailoni au poliesta inayobana mwili, yenye kamba ya kuifunga kwenye suruali ili blauzi isipande hadi kifuani. Buibui majini ni hatari. Linaingia hewa, linapanda, kisha linazunguka miguu.

Miwani ya kuogelea ijaribu dukani bila kuvaa mkanda: ibandike machoni, bonyeza kidogo, achia. Ikikaa sekunde mbili au tatu inakufaa. Ikianguka, hata ukikaza mkanda itavuja na itakuachia alama kama umepigwa. Ndani usiguse kwa kidole, utaondoa ile tabaka inayozuia ukungu.

Oga kabla ya kuingia. Harufu kali ya bwawa inayowasha macho watu husema ni dawa nyingi, na kwa kawaida sivyo: ni klorini iliyokwisha kuungana na jasho na mikojo. Kwa joto letu jasho ni jingi. Nywele zilowanishe maji baridi kwanza, zikishashiba hazitakunywa sana ya bwawa. Ukitoka, inamisha kichwa kila upande maji yatoke masikioni, futa kwa taulo nje tu, na pamba za vijiti ziache. Sikio lililochokonolewa na kubaki na unyevu ndilo linaloota maradhi. Na kunywa maji. Majini mtu hutoa jasho bila kujua.

Mambo ya hatari ni machache lakini hayana mzaha. Usiogelee peke yako, na mwenye kifafa, pumu au maradhi ya moyo amuone daktari kwanza na amjulishe mwokoaji. Usishindane kukaa chini ya maji, hasa baada ya kuvuta pumzi nyingi za haraka haraka: unapunguza ile kaboni dayoksaidi inayokuonya, na unaweza kuzimia bila dalili yoyote. Msuli wa shavu la mguu ukikaza, geuka chali, shika vidole vya mguu, uvivute kuelekea kwako.

Nitaulizwa kwa nini nimhangaishe mtu na bwawa la kulipia na bahari ipo bure. Kwa sababu bahari inaficha makosa. Lita moja ya maji yake ina karibu gramu 35 za chumvi, mwili unaelea juu zaidi, miguu inapanda yenyewe, na mtu anadhani amejua. Halafu hakuna ukuta wa kushika wala mstari wa kufuata. Ukiweza mita 400 bwawani bila kusimama, haya, karibu baharini, lakini si popote. Mlango wa Likoni ni njia ya meli na feri. Chini ya daraja la Nyali maji ya hori ya Tudor yanaingia na kutoka kwa nguvu. Ndani ya mwamba, upande wa Nyali na Bamburi, ndipo panapofaa, mbali na mlango wa mwamba wakati maji yanatoka. Msimu wa kusi una mawimbi na mwani mwingi. Kaskazi ni afadhali kwa anayeanza.

Siku ichague kwa kalenda ya Kiislamu iliyotundikwa ukutani. Mwezi unapoandama na unapokuwa mpevu ni bamvua, na tofauti ya kupwa na kujaa yaweza kuzidi mita 3, kwa hiyo maji yanakwenda mbio. Karibu na tarehe 8 na 23 ni maji mafu, yametulia. Ingia saa moja kabla ya maji kujaa, ukikumbuka kwamba saa hiyo husogea mbele kama dakika 50 kila siku. Ogelea sambamba na ufuo kwenye maji ya kifuani, na kabla ya kuanza simama tuli, tazama mwani unakoelekea. Anza kwa kwenda kinyume chake. Ukichoka, mkondo uwe unakurudisha ulikoacha viatu vyako.