Mwangalie kwanza jirani wa klorini

Wanaotabiri jinsi bakteria wanavyovunja klorobenzeni (benzeni yenye atomu za klorini kwenye pete yake) pasipo oksijeni hupenda kuanza na nishati. Naona ni mahali pabaya pa kuanzia. Kung'oa klorini yoyote kwenye pete ya benzeni kwa kutumia haidrojeni hutoa zaidi ya kilojuli 100 kwa moli, kwa hiyo karibu kila njia "inawezekana", na hujajua ipi itafuatwa.

Anza na nafasi. Bakteria Dehalococcoides mccartyi wa aina ya CBDB1 hupendelea klorini iliyobanwa na klorini nyingine pande zote mbili, kisha yenye jirani mmoja. Isiyo na jirani kwa kawaida haigusi. Chora 1,2,3-triklorobenzeni (namba huonyesha nafasi za klorini kwenye pete): ya katikati ndiyo inayotoka, unabaki na 1,3-diklorobenzeni. Kwa heksaklorobenzeni, yenye klorini sita, sehemu ya mzigo huishia kwenye 1,3,5-triklorobenzeni, ambayo haina majirani, na hapo CBDB1 hukwama. Ukiona hivyo usiseme bakteria wamekufa.

Kanuni ya majirani hukwama kwenye 1,2,4-triklorobenzeni, kwani klorini mbili zinalingana, kila moja ikiwa na jirani mmoja. Hapo kokotoa mgawanyo wa elektroni, upate chaji ya kila atomu ya klorini. Yenye chaji chanya zaidi ndiyo mgombea wa kwanza. Hili lina mantiki ya kikemia, maana ndani ya kimeng'enya kinachong'oa klorini kuna kobalti ya kundi la vitamini B12, na ikishapewa elektroni hadi kuwa Co(I) ina elektroni za kutoa. Ila chaji inakuambia klorini ipi tu. Kasi haiisemi, wala haijui kama bakteria mwenye kimeng'enya hicho yupo kwenye tope lako.

Utabiri ukishindwa, chunguza chupa ya jaribio kabla ya kulaumu modeli. Dehalococcoides hajitengenezei B12, hivyo mpe (mikrogramu 50 kwa lita ni kiasi cha kawaida), pamoja na haidrojeni, asetati na bafa ya bikaboneti karibu na pH 7. Rezazurini, rangi ya kuonyesha oksijeni, ikigeuka waridi, oksijeni imeingia. Vizibo vya mpira mtupu hunyonya klorobenzeni, kwa hiyo tumia vyenye utando wa Teflon, na uweke chupa za kulinganishia ambazo bakteria wake wameuawa kwa otoklevu (mashine ya mvuke wa moto). Halafu jumlisha moli za mzazi (klorobenzeni uliyoanza nayo) na za mazao yote. Mzazi akipungua bila mazao kuongezeka, imepotelea kwenye kizibo au kwenye hewa ya juu ya chupa, haikuvunjwa.

Tahadhari moja inayosahaulika mno: 1,3- na 1,4-diklorobenzeni, yaani mazao yale yale unayotaka kuyatofautisha kwenye 1,2,4, hutoka kwa karibu sana kwenye safu nyingi zisizo na upolari za kromatografia ya gesi, kipimo kinachotenganisha kemikali. Pima kila moja peke yake kwanza, uone vilele vimeachana.