Mbwa wa Colima Aliyenifikia Bila Jina

Mwaka jana nililetewa zawadi ya kikombe cha chai. Ubavuni kimechapwa mbwa mwekundu, mnene, masikio yamesimama, tumbo kama amemeza boga. Kitakoni kumeandikwa tu kwamba kikombe kinafaa kwa mashine ya kuoshea vyombo. Aliyenipa hakujua mnyama huyo ametoka wapi, wala simlaumu. Namlaumu aliyekichapa.

Maana mbwa huyo ana kwao. Kwao ni Colima, jimbo dogo la magharibi mwa Meksiko, kwenye bahari ya Pasifiki. Kati ya mwaka 300 kabla ya Kristo na 300 baada ya Kristo hivi, wafinyanzi wa huko walimfinyanga akiwa na uwazi ndani, wakamsugua mpaka akang'aa, wakamchoma. Wengi wana mdomo wa kumiminia, mkiani au kichwani, kwa kuwa huyu ni chombo. Akazikwa na wafu katika makaburi ya shimo refu la wima lenye chumba pembeni huko chini. Fikiria mwanandani, ila mkubwa wa kutosha watu kadhaa na vyombo vyao.

Kwa nini mbwa? Katika karne ya 16 Waazteki, watu wa katikati ya Meksiko, walimsimulia padri wa Kihispania kwamba maiti akifika kuzimu hukuta mto, na wa kumvusha ni mbwa. Mweupe hukataa: ametoka kuoga sasa hivi. Mweusi naye hukataa: amejipaka madoa. Mwenye manyoya mekundu ndiye humbeba mtu mgongoni. Kisa hiki nakipenda mno, ingawa kati yake na makaburi ya Colima imepita zaidi ya miaka elfu moja, kwa hiyo tusikiweke vinywani mwa watu wa Colima kwa haraka. Tena mbwa walinenepeshwa na kuliwa karamuni. Kwangu mimi yote mawili yanakaa vizuri ndani ya chombo kimoja: chakula cha safari na mwenza wa safari.

Wapo wanaosema kitu cha kaburini kisichapwe kwenye vikombe na mikoba, ni kukosa adabu. Mimi sikubaliani nao. Kilichowavunjia heshima wafu wale ni tamaa ya kumiliki kitu chenyewe. Waporaji wamefukua makaburi mengi mno ya eneo hilo, hata lilipopatikana moja zima Huitzilapa, jimbo jirani la Jalisco, mwaka 1993, lilikuwa jambo kubwa kwa wanaakiolojia. Vyombo vingi vilivyomo makumbushoni na majumbani mwa matajiri hakuna ajuaye vililala karibu na nani. Nakala haifukui kaburi la mtu.

Ila nakala iseme kwamba ni nakala. Mwaka 1974 polisi walimkamata Brígido Lara, mfinyanzi wa jimbo la Veracruz, kwa madai kwamba vyombo alivyokuwa navyo ni vya kale, vimeibwa. Akasema amevitengeneza mwenyewe, hakuaminiwa. Akaomba aletewe udongo gerezani, akafinyanga vingine mlemle, vikafanana na vile. Mwaka uliofuata akaachiwa, na baadaye makumbusho ya anthropolojia ya Xalapa, mji wa jimbo hilohilo, yakamwajiri kukarabati vyombo. Kazi za mikono yake zilikuwa zimeshazagaa duniani zikiitwa za kale. Nikimfikiria mtu yule na donge lake la udongo gerezani, naona jinsi mfinyanzi aliye hai anavyoweza kufutwa kabisa na sifa za mfinyanzi aliyekufa.

Kwa hiyo ukitaka kumpa mtu mbwa wa Colima, mpe wa udongo, aliyefinyangwa na mtu mwenye alama yake chini ya kitako. Mkono ulizungukie lile tumbo. Picha ya kuchapwa humfanya bapa, uwazi wake wa ndani ukapotea, na uwazi ule ndio uliomfanya awe na kazi.

Kikombe changu sijakitupa. Nimeandika kitakoni kwa wino usiofutika: Colima, Meksiko. Juzi binti wa kaka yangu alikuwa akikiosha, akakigeuza. "Shangazi, Colima ndiyo wapi?" Nikafuta mikono, tukaketi, nikaanzia kwa mbwa mweupe aliyekataa kuingia mtoni kwa sababu ametoka kuoga.